Birika la Mama Dirishani

Mume wangu ni sonara. Mtaani wanamwita Gramu, na mimi, kwa kosa la kuolewa naye, naitwa Mama Gramu. Tulipokuwa wachumba nilimuuliza kazi yake inakwendaje. Akasema, "Ninanunua vyombo vya fedha, halafu ninauza vyombo vya fedha." Nikangoja aendelee. Huu ni mwaka wa thelathini na moja, bado nangoja.

Tuelewane mapema. Nikisema fedha, nasema yale madini meupe ya bangili na vijiko. Pesa nitaziita pesa. Mambo yenyewe yameshanivuruga kichwa, tusiyaongezee.

Duka letu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, na sisi tunaishi nyuma yake. Mbele kuna dirisha la kioo lenye rafu tatu, ndipo vinapokaa vyombo vya kuuza, kila kimoja na kikaratasi cha bei. Kisha kaunta, juu yake mizani ndogo iliyofunikwa kitambaa kama kitoto kichanga. Nyuma ya pazia kuna meza yake ya kazi: tupa za kila ukubwa, koleo, bomba la moto la kulehemu. Chini ya meza ametandika ngozi ya kudaka chenga zinazoanguka, na hapo ni marufuku kupitisha ufagio. Nilipoolewa sikujua. Wiki ya kwanza niliamka na bidii za bibi harusi, nikafagia chumba kizima, nikaenda kumwaga taka nje. Loo! Mwanamume alitoka na brashi na karatasi, akapiga magoti barabarani nusu siku nzima akiokota vumbi, watu wakipita wakimpa pole. Baadaye nikaelewa, au nusu nikaelewa. Vumbi lile analiweka kwenye debe, na mara moja kwa mwaka analipeleka kiwanda cha kusafishia madini, siku mbili safari, anarudi na donge la fedha la kutosha ada ya shule ya watoto wetu wawili. Sasa niambieni, mtu anayelipa ada kwa taka, utamwelewa vipi?

Na bei zake ndio usiseme. Bei ya fedha hutangazwa kila siku. Ikitangazwa sitini kwa gramu, yeye ananunua kwa hamsini. Nikimuuliza kumi zimekwenda wapi, anasema, "Zinaliwa na moto." Moto huo sijawahi kuuona ukishiba.

Basi niliishi hivyo, sielewi mbele wala nyuma, na sikuwa na haja ya kuelewa. Chakula kilikuwepo, watoto walikua wakaenda zao, na mume wangu hakuwa na baya na mtu. Mpaka siku aliyokuja Dada.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa kazini. Anaoka mikate na kuiuza, na kila asubuhi akipita na kapu lake alituachia miwili. Mama alipofariki alituachia seti yake ya chai ya fedha. Birika lilikwenda kwa Dada, bakuli la sukari likaja kwangu. Hatukuwa watu wa vyombo vya fedha sisi. Mama alizawadiwa na mama mmoja aliyemlelea watoto kwa miaka ishirini. Alikuwa akitutolea siku za mgeni tu, na mgeni akiondoka tunavisugua mimi na Dada kwa majivu mpaka vidole vinawaka.

Asubuhi hiyo Dada aliingia dukani bila mikate. Alishika kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Akakiweka juu ya kaunta, akakifungua, nami nikaona birika la mama, lile lenye mpini wa mti mweusi na jani dogo lililochongwa kwenye kifuniko.

"Oveni imekufa, shemeji," akasema. "Fundi kasema hata aifufue vipi haifiki mwezi. Nimepata ya mtumba, nzuri, lakini pesa yangu haitoshi. Nataka kuliuza hili."

Mume wangu akasema, "Shemeji, mimi naweza..."

Dada akamkata palepale. "Sikuja kukopa, na sikuja kuomba. Nimekuja kuuza. Nipe bei ya mtu baki, ile unayompa yeyote anayeingia kwa mlango huu. Ukinizidishia hata senti moja nalibeba naondoka nalo."

Ndivyo alivyo Dada. Msaada kwake ni kama upupu.

Gramu alifunua mizani. Birika lilikuwa na gramu mia sita na arobaini. Akatoa arobaini za mpini, maana mti si fedha. Mia sita kwa hamsini, elfu thelathini. Akazihesabu, akampa. Dada hakuligeukia birika. Alikunja kitambaa chake cha jikoni, akaniambia, "Mdogo wangu, nitapita kesho na mikate," akaenda zake. Mimi nilibaki nyuma ya pazia na machozi kidogo, sikatai, lakini nikajiambia angalau limebaki nyumbani.

Wiki moja ikapita. Oveni mpya ikawa inawaka, mikate ikawa inapita, na Dada alikuwa na uso wa kucheka. Siku ya nane akapita na kapu kichwani, akasimama nje ya dirisha letu. Nikamwona amesimama tu, hasogei. Kisha akaingia bila hata kubisha.

"Mdogo wangu, njoo unisomee pale, labda macho yangu yamezeeka."

Nikatoka, nikasoma. Birika la mama lilikuwa rafu ya juu, limeng'arishwa, na kikaratasi chake kimeandikwa kwa mwandiko wa mume wangu, ule wa herufi za kujibana: elfu tisini.

"Nimepewa thelathini," Dada akasema. "Lauzwa tisini. Hiyo sitini ni ya nani?"

Gramu alikuwa amekaa na hereni ya mtu mkononi. Akainua macho, akasema, "Hiyo ni bei ya dirishani, shemeji."

"Basi dirisha lako lina tumbo!"

Akarudi kwenye hereni. Ndiyo tabia yake: ukimfokea anainama, kama mtu anayengoja mvua ipite. Mimi nilitazama huku nikatazama kule. Huku mume, kule dada, na mimi katikati sijui nani ana haki. Na mtu asiyejua anyamaze, si ndivyo? Lakini ulimi hauna mfupa, na wa kwangu ndio kabisa. Nikaona aibu ya mume wangu kuitwa mwizi ndani ya nyumba yangu, nikaropoka:

"Biashara ndivyo ilivyo, Dada! Tena ushukuru liko hapo unaliona. Siku thelathini zikiisha linayeyushwa!"

Hilo la siku thelathini halikuwa uongo. Masonara wote wa mji wetu wana utaratibu huo: chombo ulichonunua hukitii moto mpaka kikae dirishani siku thelathini. Ikiwa kiliibwa, mwenyewe apite akione. Zikishapita, ruhusa kuyeyusha. Vingi huyeyushwa, maana wanunuzi wa mabirika si wengi siku hizi. Nilichosema kilikuwa kweli kwa vyombo vyote. Kwa kile kimoja, sikuwa nimemuuliza mwenye duka.

Dada alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Akainua kapu lake, akatoka, na tangu siku ile mkate ukakatika. Asubuhi nilisikia hatua zake zikipita upande wa pili wa barabara.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka kama pia. Nilitaka kujua jambo moja tu: mume wangu kamwibia dada yangu, au hakumwibia? Kama kamwibia, miaka thelathini nimekula nini? Na kama hakumwibia, dada yangu ananikosea bure. Lazima mmoja awe mbaya, na wote wawili ni wangu.

Jioni nikamuuliza mezani, bila kona. "Umemwibia Dada?"

Akanywa chai. "Nimempa bei ya mtu baki. Ndivyo alivyotaka."

"Na tisini je?"

Akafikiri. Niliona kabisa kwamba kuna neno linakuja, limefika hapa kooni. Halafu akasema chai ina sukari kidogo.

Jamani! Nilitamani kummwagia bakuli zima la sukari.

Ni bakuli lenyewe lililonipa wazo. Kesho yake nikalifunga vizuri nikaliweka kwenye mkoba. Nikajisemea, nitakwenda kwa masonara wengine wasionijua, nijifanye nauza, nione wao wananunuaje. Nikishajua bei ya haki nitajua nimeolewa na nani.

Wa kwanza alikuwa na duka lenye feni na viti vya kukunja, mtu mwenye sauti ya asali. "Karibu mama yangu, karibu, kaa." Akalishika bakuli, akaligeuza, akachukua tupa, akalikwangua chini kwaruu, kabla sijafungua mdomo. Akadondosha tone la tindikali palepale kwenye jeraha. "Ni fedha," akasema, kama mtu anayenipa pole. Akalipima. "Nakupa thelathini na tano kwa gramu, kwa sababu ni wewe." Nikamuuliza kwa sababu ni mimi nani, maana hatujuani. Akacheka. Niliporudisha bakuli mkobani nikaona chenga alizokwangua zimebaki juu ya karatasi yake, na karatasi anaikunja taratibu kuelekea kwenye droo. Nikakumbuka debe letu la vumbi. Kumbe hata wasionunua wanakula!

Wa pili hakunikaribisha. Alilitazama bakuli kwa jicho moja, akalikwangua naye, upande wa pili, akasema, "Hii si fedha, ni ya kuchovya. Ndani shaba tupu. Ukitaka elfu mbili, nikusaidie." Mama yangu alizawadiwa shaba? Nikaanza kulifunga niondoke. Kufika mlangoni akaita, "Elfu nne basi!" Nikaweka mguu nje. "Elfu kumi, lakini hiyo ni mwisho!" Nikageuka nikamuuliza, "Shaba imepanda bei nilipokuwa natembea?" Akakasirika, akanifukuza na methali: "Mama, chema chajiuza, kibaya chajitembeza!" Nikatoka, sijui nikasirike au nicheke.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni. Huyu naye alikwangua, lakini aliomba ruhusa kwanza. Akaniambia fedha yangu ni nzuri na atanipa hamsini na tano kwa gramu. Nikafurahi! Ni zaidi ya mume wangu. Nikasema moyoni, basi ndiyo hivyo, nimeolewa na mwizi. Lakini mama yule akachukua kalamu akaanza kutoa. Akatoa ya shaba iliyochanganywa kuipa fedha ugumu, akatoa ya kuyeyushia, akatoa ya kusafishia, na mwisho akatoa ya kitu alichokiita upungufu, nami nikauliza upungufu wa nini, akasema wa kawaida. Alipofika chini ya karatasi, gramu ilikuwa imebaki arobaini na moja.

"Mama," nikamwambia, "mimi si muuzaji. Nimechanganyikiwa tu. Niambie ukweli kama mwanamke mwenzangu, nyinyi mnapatia wapi faida?"

Akacheka, akavua lenzi. "Tunanunua uzito, tunauza kazi ya mikono. Wewe ukija na bakuli, mimi nanunua gramu. Nikiliweka dirishani, sasa ni bakuli, lina jani lililochongwa, lina mtu aliyekaa siku nne akilichonga. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mnunuzi asipokuja, naliyeyusha, napata uzito wangu, sijapoteza sana."

"Kwa hiyo mtu akinunua birika kwa hamsini kwa gramu, akaliuza mara tatu yake, ni mwizi?"

"Hamsini bila kukata chochote?" Akanitazama. "Huyo ni malaika. Lakini kuuza mara tatu?" Akatikisa kichwa. "Mara moja na nusu, mara mbili ukibahatika. Mara tatu hauzi mtu. Huyo ama ana tamaa, ama hajui kazi."

Nilirudi nyumbani na bakuli lenye makovu matatu chini na kichwa kilichochoka kuliko miguu. Malaika asubuhi, mwenye tamaa jioni, na mtu ni yuleyule. Kutojua kazi nako hakukuwezekana, kwa mtu anayeokota vumbi barabarani! Nikapika, nikala naye, nikamtazama anavyotafuna. Sikupata kitu.

Siku zikaenda. Ilipofika siku ya ishirini na saba debe la vumbi likajaa, Gramu akajiandaa na safari yake ya kiwandani. Mimi ndiye hubaki dukani. Sheria yake ni moja na ni fupi kama yeye: usinunue kitu, na usipunguze bei. Anayetoa iliyoandikwa, mpe.

Kesho yake mchana akaingia mwanamke nisiyemjua, amevaa sare nyeupe ya hospitali. Hakusalimia sana. Akaonyesha rafu ya juu.

"Lile birika."

Nikamtajia bei, nikijua ataruka. Hakuruka. Hakuomba kulishika, hakuligeuza kutafuta muhuri wa fedha halisi, hakuniambia "mama nipunguzie," neno ambalo sijawahi kuuza kitu bila kulisikia. Alifungua mfuko wa karatasi akatoa pesa, noti ndogondogo nyingi, zimefungwa kwa uzi. Zilikuwa na ungaunga mweupe uliobaki kwenye vidole vyangu. Nikadhani ni poda ya hospitali. Nikahesabu mara tatu. Elfu tisini, haipungui hata moja.

Nililifunga birika la mama kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo, niliumia. Lakini wakati huohuo akili yangu, ambayo mwezi mzima haikuona njia, ikaona njia. Nitachukua zile sitini za juu, nimpelekee Dada zote. Gramu atabaki na thelathini zake. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeiba, mkate utarudi. Nilijiona nimemaliza hesabu iliyowashinda masonara wa mji mzima. Niliimba jikoni siku ile.

Gramu alirudi kesho yake mchana na donge lake mfukoni. Hakuwa ameweka hata mkoba chini alipotazama dirisha.

"Birika?"

"Nimeuza!" nikasema. "Tisini kamili! Bila kupunguza!"

Mume wangu akakaa kwenye kiti cha wateja. Tangu nimjue sijamwona akikikalia kile kiti.

"Nani katoa tisini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nani mwenye akili yake atatoa tisini kwa birika la gramu mia sita?"

"Si wewe uliyeiandika?"

"Niliiandika ili asipatikane mtu wa kuitoa!" Hapo akafungua mdomo, na nawaambia, ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote za ndoa yetu. "Dada yako alinikataza kumkopesha. Alitaka kuuza, nikanunua. Nilichonunua lazima nikiweke dirishani, ndio utaratibu wetu. Nikaweka bei ambayo hata mwendawazimu angeikimbia, ili likae. Mwezi upite, mwaka upite, oveni ijilipe. Siku angekuja kusema shemeji nalitaka, ningemwambia lete thelathini, ulichukue. Ningemwambia nini kabla? Kwamba namtunzia? Angelibeba siku ileile."

"Na siku thelathini? Na kuyeyusha?"

"Nani alisema nitaliyeyusha birika la mama mkwe?"

Nikatazama sakafu. Sakafu ilikuwa safi, sijui nilitafuta nini. Halafu nikatazama vidole vyangu, nikaukumbuka ule unga. Moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili. Hospitali gani ina poda inayoshika noti hivyo? Ule ulikuwa unga wa ngano.

Tulikwenda kwa Dada. Kwake, tangu nje ya mlango, kila saa hunukia mkate. Siku ile hapakunukia kitu. Tukabisha, akafungua, akaturuhusu kuingia bila kusema karibu. Birika la mama lilikuwa juu ya meza. Na pembeni ya ukuta, pale oveni ilipokuwa, palibaki mraba mweupe na waya unaning'inia.

"Dada," nikasema, "oveni iko wapi?"

"Nimeiuza." Akakunja mikono. "Arobaini, nikaongeza hamsini nilizoweka akiba kwa mikate ya mwezi huu. Ulisema siku thelathini, nami nilikuwa nazihesabu. Nikamtuma mteja wangu mmoja, yule muuguzi, maana mimi sikutaka kuwaona. Oveni ni chuma. Hili mama alilishika kila siku ya mgeni, mimi na wewe tukalisugua. Niwaache mlitie moto?"

Sikuwa na pa kuuweka uso. Mimi ndiye niliyesema. Birika halikuwa na hatari yoyote ila mdomo wangu.

Gramu akasogea, akaweka sitini juu ya meza. "Shemeji, umezidisha."

"Nimelipa bei iliyoandikwa."

"Haikuandikiwa wewe."

"Iliandikiwa nani?"

"Wengine wote," mume wangu akasema.

Dada akamtazama. Akatazama birika. Niliona jambo linamwingia taratibu, kama maji kwenye mchanga mkavu, na nilijua limefika pale alipoketi chini akafunika uso kwa aproni. Sikujua analia au anacheka. Alipoufunua, nadhani hata yeye hakujua.

"Wewe mwanamume," akamwambia, "siku moja hiki kimya chako kitaua mtu."

Zile thelathini alikataa kurudishiwa. "Hizo ni zako, ndiyo bei yake," akasema, na Gramu naye hakubisha. Sitini akachukua.

Asubuhi tukaenda wote watatu kwa muuza vyombo vya mtumba. Oveni ilikuwa mbele kabisa, imepanguswa, na bei yake imeandikwa kwa chaki: elfu sitini.

Nikapandwa na hasira. "Juzi umeinunua arobaini!"

"Juzi, mama," akasema yule bwana. "Kuna kuibeba, kuna kuisafisha, kuna nafasi inayokalia, na ninyi mngechelewa ningekaa nayo mwaka." Nikamgeukia Gramu apambane, aseme neno, yeye si ndiye mjuzi? Mume wangu alikuwa amesimama upande wa mbele wa kaunta ya mtu, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Ana haki," akasema.

"Haki gani?" nikapiga kelele, lakini Dada alishaanza kuhesabu.

Kwa hiyo Dada akapata birika, akapata oveni, na ukiacha thelathini za birika, akiba yake ikawa imepungua elfu ishirini. Nilipiga hesabu hiyo usingizini na nikiwa macho. Za Gramu hazikuwa, maana hakula hata moja ya ziada. Zilikuwa ishirini za mdomo wangu, hizo hazikuwa na mwenyewe mwingine.

Siku mbili baadaye niliingia dukani kwa mlango wa mbele, ule wa wateja. Nikaweka bakuli la sukari juu ya kaunta.

"Mimi leo ni mtu baki," nikamwambia mume wangu. "Na usinizidishie."

Hakuuliza. Akafunua mizani. Gramu mia nne, kwa hamsini, elfu ishirini. Hakulikwangua. Lakini alipoligeuza aliyaona yale makovu matatu ya tupa, na sonara haulizi maana ya kovu la tupa. Alijua nilikokwenda na nilichokwenda kutafuta. Nikangoja aseme. Akapitisha kidole gumba juu yake, moja, mbili, tatu, kisha akanihesabia pesa zangu.

Nilizipeleka kwa Dada, nikamwambia ni mkate wa mwaka mzima, nalipia mbele. Alinitazama sana. Mkate si msaada, ni biashara, hakuwa na pa kunishika. Akazitia mfukoni. "Miwili kila siku," akasema. "Na siku za mgeni mitatu."

Niliporudi, watu wawili walikuwa wamesimama mbele ya dirisha letu, bwana mmoja na mkewe, wananong'onezana. Nikasogea nyuma yao. Bakuli langu lilikuwa rafu ya juu, mahali palepale pa birika, na chini yake kikaratasi chenye herufi za kujibana. Elfu mia tano.

"Bakuli la sukari?" yule mke akasema. "Huyu mzee kachanganyikiwa."

"Twende," mumewe akasema.

Wakaenda. Mimi nikasimama pale nikasoma tena, polepole, kila sifuri. Halafu nikaingia ndani, nikabandika chai, na sukari nikaijaza.